Mechi ya Posho

Kidole kikijikwaa, anayeumia ni mwenye kidole. Ulimi ukijikwaa, mara nyingi anayechechemea ni mtu mwingine kabisa. Wahenga walilipima jambo hili wakachagua kidole. Mzee Vuai wa La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, aliijua methali hiyo tangu utotoni kwao Unguja, na alikuwa hodari wa kuwarushia wenzake. Zamu yake mwenyewe aliipata wiki ya fainali ya vyuo.

Vuai alikuwa fundi wa kushona makochi na viti vya magari. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani, na mteja aliyeleta kiti kimoja alirudi kwake na rai tele za kandanda ambazo hakuziomba. "Ligi ya kulipwa si mpira, ni soko," alikuwa akisema, uzi ukining'inia mdomoni. "Mchezaji leo anabusu nembo hii, kesho anabusu ile, na midomo ni ileile. Ukitaka kuona mpira wa jasho, katazame vyuo." Mtu akimtajia Simba na Yanga, au Chiefs na Pirates, aliguna tu. Penalti ikitolewa, aliuliza refa anajengewa nyumba wapi. Kipa akiteleza, aliuliza nani kamwaga sabuni. Mkewe, Tabia, alizoea kusema kwamba mumewe angeweza kulishuku hata jua kwa kuchomoza upande uleule kila siku.

Mapenzi yake yote aliyamimina kwa Nungunungu, timu ya chuo kimoja cha mjini, ingawa mwenyewe hakuwahi kukanyaga darasa la chuo. Sababu ilikuwa kipa wao, Hénock. Kijana huyo na mama yake, Jocelyne, walitoka Lubumbashi na kupanga chumba katika ua huohuo tangu akiwa mdogo. Glavu zake za kwanza alishonewa na Vuai kwa masalia ya ngozi ya kiti cha gari. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, na Jumamosi ya fainali watu wa klabu kubwa wangekuja kumtazama. Akidaka vizuri angepata mkataba, na Jocelyne angeacha kufua nguo za watu katika mtaa wa Observatory. Akikosa, mwakani hatakuwa mwanafunzi tena wala hatakuwa na lango la kusimama.

Kwa Vuai, Hénock alizungumza Kiswahili kilichonyooka, alichokiokota mlemle karakanani. Kwa watu wake alirudi kwenye Kiswahili cha Lubumbashi, na hicho Vuai hakujisumbua kukijua. "Kile ni Kiswahili kilichopata ajali," alisema. Siku moja Jocelyne alisimama mbele ya kochi jekundu akamwambia anataka kuliuza. Vuai akamjia juu: "Utaliuzaje kochi langu, mama?" Jocelyne akacheka, Vuai naye akacheka, kila mmoja akimwona mwenzake kituko. Hakuna aliyemwuliza mwenzake maana yake, na kochi likaenda kwa mteja mwingine.

Shaka ilianza Jumatatu. Vuai alikuwa akirudi na mafungu ya uzi alipoona gari la kijivu limeegeshwa karibu na robot, taa za barabarani, na Hénock ameinamia dirisha akizungumza na mwanamume mwenye miwani ya jua. Jicho la fundi likaviona viti kwanza: ngozi halisi, mshono wa kiwandani. Baadaye alipomwuliza kijana yule ni nani, Hénock alitabasamu na kutazama chini.

"Ni mtu wa mpira tu, papa Vuai."

Mtu wa mpira. Vuai alilitafuna neno hilo hadi jioni. Watu wa mpira aliowajua yeye walikuwa na filimbi shingoni na vumbi miguuni. Kesho yake alikwenda mazoezini, akaona shuti jepesi linapita katikati ya miguu ya Hénock, na wenzake wakacheka. Vuai hakucheka. Jumatano aliingia uani, akamkuta kijana anaongea na simu, na mara tu alipomwona alishusha sauti. Mtu mwenye neno jema, alijiambia Vuai, halifichi kwapani.

Alhamisi alasiri alikuwa amepiga magoti chini ya cherehani kubwa akifunga skrubu. Hénock, nje ya dirisha, hakujua kama kuna mtu ndani.

"Kambo, musisumbuke," alikuwa akisema kwenye simu. "Match ya posho nilisha kuuza. Mutaona tu."

Vuai akahisi damu inamwenda kichwani. Posho aliijua: ni fedha mtu anazotiwa mkononi. Mechi iliyouzwa aliijua zaidi, kwani maishani mwake hakuna alilolihubiri kuliko hilo. Na huyo Kambo ni nani? Baba wa kambo Hénock hakuwa naye. Basi ni jina la kificho, na aliyejificha nyuma yake ndiye yule wa gari la kijivu. Aliumia moyo kama aliyeibiwa na mwanawe wa kumzaa.

Aliinuka kwa pupa, na kidole gumba cha mguu kikagonga mguu wa chuma wa cherehani. Ukucha ukapasuka. Tabia alisikia mguno akaja na maji ya chumvi na kitambaa.

"Kaa chini kwanza, Baba Nusaiba. Umeona nini?"

Vuai akamweleza huku akihema. Tabia akamfunga kidole polepole, kisha akamtazama usoni.

"Si umwulize? Kijana huyo hapo nje."

"Mwizi haulizwi kama kaiba."

"Basi ngoja hata hicho kidole kiache kuuma. Mtu hapaswi kusema neno kubwa huku anaumwa."

Hakungoja. Alishika simu, akafungua kundi la mashabiki wa Nungunungu, na akarekodi kwa sauti yake mwenyewe: "Jamani, tunafuga nyoka golini. Kipa wetu kaiuza fainali. Sikuambiwa na mtu, nimemsikia kwa masikio yangu." Tabia alipomsihi aufute ujumbe huo, aliufuta, akinung'unika. Lakini ulikuwa umeshasikilizwa, umeshapelekwa makundi mengine, na kabla ya magharibi mtu wa mtaa wa Alexandra ambaye Vuai hakumfahamu alimwandikia kumpongeza kwa ushujaa.

Asubuhi ya Ijumaa Mwaniki akapiga simu. Alikuwa Mkenya, mhadhiri wa hesabu na kocha wa timu, mtu wa maneno machache.

"Mzee Vuai, hii kitu uko na uhakika nayo?"

"Uhakika wa macho na masikio."

"Alisema ameuza mechi? Hivyo tu?"

"Hivyo. Na posho kaitaja."

"Ukiniambia ulisikia vibaya, nitakuelewa na yataisha hapa. Lakini ukishikilia, itabidi nimweke kando mpaka tuchunguze. Na kesho kuna watu wanakuja kumwangalia."

Mlango ulikuwa wazi kwa Vuai kutoka na heshima yake. Kidole kilikuwa kikimpwita, na kiburi kikampwita zaidi. "Nashikilia," akasema.

Siku hiyo Hénock aliambiwa tu kwamba kuna tuhuma ya kuuza mechi na kwamba uchunguzi utafanyika baada ya fainali. Aliapa hajafanya kitu. Kila anayetuhumiwa huapa, kwa hiyo kiapo chake hakikumsaidia.

Jumamosi Vuai alichechemea hadi uwanjani, kandambili mguu mmoja na kiatu mguu wa pili. Hénock alikuwa jukwaani, katika nguo za nyumbani, mikono katikati ya magoti. Langoni alisimama kipa wa akiba, kijana mwema mwenye hofu, na kabla ya mapumziko Nungunungu walikuwa wamefungwa mara tatu. Yule mwenye miwani ya jua alikaa mstari wa mbele. Vuai alimwona akimwuliza kocha jambo fulani, akatikisa kichwa, akainuka na kuondoka wakati wa mapumziko. "Unaona?" Vuai alimnong'oneza Tabia. "Biashara yake imeharibika." Tabia alikuwa akimtazama Jocelyne, aliyekuwa akimfunika mwanawe kwa mtandio kama vile anasikia baridi.

Jumapili mchana Mwaniki alikuja uani. Akawaita wote karakanani: Hénock, mama yake, Vuai na Tabia.

"Mzee," kocha alisema, "nataka kijana asikie ni nini hasa anashtakiwa. Rudia maneno, vile ulisikia, usiongeze na usipunguze."

Vuai akakohoa. Maneno aliyahifadhi kama sura ya Kurani. "Alisema: Kambo, musisumbuke. Match ya posho nilisha kuuza. Mutaona tu."

Hénock akainua kichwa ghafla. Lakini aliyesema ni Jocelyne, tena kwa sauti ndogo.

"Papa Vuai. Kambo ni baba yangu mimi. Njo mukubwa wetu, iko kule Lubumbashi. Na posho ni siku. Ile siku yenye munaita Jumamosi. Zamani bazee ba mugodi balikuwa banapewa chakula siku ile, jina ikabakia."

"Na kuuza?" aliuliza Mwaniki, polepole, kama mtu anayeogopa jibu.

"Kuuza ni kutoa falanga, unapata kitu. Ile yenu, sisi tunaita kuuzisha. Mutoto aliuza match kwa internet, kambo yake aione kwa simu. Mwezi mzima alikuwa anaweka falanga pembeni juu ya ile."

Vuai akauliza juu ya simu ya Jumatano na gari la kijivu. Aliposhusha sauti siku ile, akaeleza Hénock, alikuwa anapanga hayohayo, na aliona haya kuonekana anajitangaza. Mtu wa gari la kijivu alitoka klabu kubwa; alikuja kumwambia tu asihofu, acheze kama kawaida yake. Na Vuai, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, alikodoa macho mahali palipokuwa na kochi jekundu. Jocelyne alitaka kulinunua. Maana yote ilikuwa imesimama mbele yake siku ile, na yeye akaicheka.

"Mwanangu," alianza, "nisamehe. Mimi nilidhani..."

Hénock alimtazama bila hasira, na hilo lilimwuma Vuai kuliko matusi. Kwa mara ya kwanza mbele yake, kijana hakujisumbua kukinyoosha Kiswahili chake.

"Kambo aliangalia match yote, papa Vuai. Mpaka mwisho. Alikuwa anapigia mama simu, anauliza: mutoto iko wapi? Sikumuone ku poteau, ku goli."

Akatoka nje. Mama yake akamfuata.

Mwaniki alimsafisha Hénock mbele ya timu nzima na akaiandikia klabu ile. Klabu ikajibu kwa adabu kwamba imekwisha kumpata kipa mwingine. Vuai naye alirekodi ujumbe wa kuomba radhi, akaurudia katika kila kundi alilolijua. Wachache waliusikiliza, tuhuma ilikuwa na utamu, radhi haikuwa nao. Yule mtu wa Alexandra aliyempongeza hakuandika tena.

Ukucha wa Vuai ulidondoka, mwingine ukaota chini yake, laini kama wa mtoto, na sasa anatembea sawasawa. Mteja akimwuliza rai yake juu ya ligi hii au ile, huinamia mshono na kusema hajui. Jocelyne bado anapanda gari kila alfajiri kwenda kufua Observatory. Hénock anapanga bidhaa katika ghala moja la mjini, na kila asubuhi hupita mlangoni pa karakana. Zamani alisimama kusema shikamoo, papa Vuai. Siku hizi humwamkia kwa Kiingereza, kwa adabu kamili, kama anavyoamkiwa mtu mnayekutana naye kwenye lifti, kisha huenda zake. Vuai humsindikiza kwa macho, akijua kwamba mguu wake umepona na kwamba kidonda kilichobaki hakifungwi kitambaa. Kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.