Kidari cha Fahali wa Parmuat

Hapo zamani, tena si zamani za mababu, ni zamani za juzi tu, alikuwapo rubani aitwaye Resiato, binti wa wafugaji. Kila akipita na kindege chake juu ya boma la kwao, alizunguka mara moja kusalimu, na watu walimiminika mbugani na ng'ombe wao kumwimbia. Binti yao anarusha ndege! Nani asingeringa?

Siku moja, akimpeleka mama mjamzito hospitali, injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Akajaribu kuiwasha, ikagoma. Palikuwa na mahali pamoja tu tambarare pa kutua, mbuga ya kwao. Akazunguka kuipima.

Watu kule chini wakadhani ni salamu! Wakamiminika na ng'ombe, wakaimba, mbuga ikajaa. Resiato akafa moyo.

Koko Nolari, bibi kizee asiyeona, alikuwa mlangoni pake. "Nyamazeni!" akafoka. "Ndege haingurumi! Hiyo si salamu, mtoto wetu anaanguka! Tokeni!"

Watu wakatawanyika. Ng'ombe je? Parmuat, mchungaji, akapiga mluzi wake, wakamfuata pembeni. Fahali wake peke yake, mbishi yule, akabaki akiikodolea ndege macho.

Resiato akaishusha ndege bila injini. Ikadunda, ikayumba, bawa likamvunja fahali mguu, ikasimama. Watu wote wazima, na mama na mimba yake! Vigelegele vikapasua mbuga.

Fahali akachinjwa. Na kwao kidari hupewa shujaa mmoja, hakigawanywi. Resiato alikuwa ameimbiwa miaka yote, kidari hajapewa hata siku moja. Alikitaka, na hakuona haya kukitaka.

"Wazee wangu," akasema, "mbuga haishushi ndege. Nimemleta hai mama huyu na mimba yake kwa chuma kisicho na pumzi. Nipeni."

"Binti yetu, tunakuvulia kofia," akasema Parmuat. "Lakini ungetua juu ya migongo ya ng'ombe? Njia nimefungua mimi. Na huyu mnayemla ni wangu, nimemlea tangu ndama."

Koko Nolari akacheka. "Mlikuwa na macho nyote, mkaimba. Mimi nilisikia. Bila masikio haya, Parmuat, mluzi ungeupigia nini?"

Mzee wa boma akakiinua kidari, mafuta yakimchuruzika hadi kiwikoni. Watatu wote wakanyoosha mikono, vichwa juu.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msiangalie chini. Kisu nawapa nyinyi. Je, nani alistahili?