Mlango wa Gwakisa

Aotaye mlango hulala na upepo.

Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo baba yenu, alipotaka kuuza ng'ombe anayekamuliwa ili apate fedha ya kununua pumba. Nyinyi mkacheka, mkaniuliza, "Bibi, mlango unaotwaje?" Unaotwa, wajukuu zangu. Mimi najua nyumba ulimootwa.

Lakini kwanza tegueni hiki. Nina mgeni wangu: nikimlisha hashibi, nikimnyima anakufa, na siku nikikosa cha kumpa anakula nyumba yangu. Nani huyo? Moto, ndiyo. Haya, sogeeni, maana maneno yale yalizaliwa hivi.

Huko juu Rungwe, chini ya nyanda za Kitulo, baridi si ya kuvaa sweta ikaisha. Mwezi wa sita ukiingia, umande huganda juu ya majani ya viazi, na ukungu hukaa uani mpaka jua la mchana liufukuze. Nyumba isiyo na moto huko ni kaburi lenye paa. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na kishamba cha miti nyuma ya nyumba, akikata mmoja na kupanda mwingine.

Gwakisa alikuwa na miti mizuri kuliko wote, urithi wa baba yake. Aliishi na mkewe Atuganile, mtoto wao Ipyana, na mama yake mzazi, Bibi Sekela. Kifua cha bibi huyo kililia kama filimbi mbovu kila baridi ilipoanza. Mganga wa zahanati alikuwa amesema neno moja tu: "Huyu mama asikose joto."

Mwaka mmoja wakaja wachoma mkaa na malori ya mjini, wakanunua miti ikiwa imesimama. Gunia la mkaa lililokuwa na bei ya kuku likafika bei ya mbuzi. Gwakisa akaiona bei hiyo kwa jicho la muuzaji, hakuiona kwa jicho la mwenye meko. Akauza miti yote, mpaka ile michanga, akang'oa nyasi za paa na kuezeka bati. Waliokataa kuuza akawacheka kilabuni: "Nyinyi mnalinda kuni kama mabinti! Mimi nitanunua mkaa, kama watu wa mjini."

Bati liling'aa kweli. Ila bati halishiki joto kama nyasi.

Baridi ya mwaka ule ikawahi. Na mkaa, kwa kuwa miti ya kijiji ilikwisha kwenda mjini, ukapanda bei kila soko. Gwakisa alianza kwa kununua gunia, akashuka kwenye debe, mwisho akawa ananunua kwa kopo kama sukari. Atuganile alikuwa akilifukia kila kaa majivuni ili lisiungue bure. Filimbi ya Bibi Sekela ikaanza.

Sasa kulikuwa na desturi. Baridi ikizidi, nyumba huungana meko: mwenye kuni chache huwapeleka wazee na watoto wake kwa mwenye kuni nyingi, wakalala kando ya moto mmoja. Ila anayekuja huja na gogo moja begani. Hata likiwa dogo, ni gogo la heshima. Mzee Asajile, jirani aliyekataa kuuza miti yake, alituma mtu kusema Bibi Sekela apelekwe kwake. Gwakisa hakujibu. Gogo hakuwa nalo, na kilabuni alikuwa amemcheka Asajile kuliko wote.

Akaanza kumlisha yule mgeni vya nyumbani. Uzio ulitangulia, kikafuata kihenge cha mahindi, kisha kitanda alicholalia yeye na mkewe. Mchana mmoja Asajile akaja mwenyewe.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mzee. Sisi wazima," akasema Gwakisa.

Asajile akatazama mekoni, akaona mguu wa kigoda ukiungua. "Naona siku hizi mnapika vigoda."

Gwakisa akausukuma mguu ule ndani zaidi ya moto.

"Nimekuja kumchukua mama."

"Sina gogo, mzee."

"Nani amekuuliza gogo? Mama yako anakohoa mpaka nasikia kwangu!"

"Mama yangu hawezi kuingia kwa watu mikono mitupu, kama hana mtoto."

Bibi Sekela akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Asajile mwanangu, mimi ningekuja hata sasa hivi. Lakini miguu imegoma, na mwenye mgongo wa kunibeba ndiye huyo."

"Kesho," akasema Gwakisa. "Kesho nitamleta, mzee. Pamoja na gogo lake."

Kesho yake akatoka alfajiri kutafuta gogo. Msitu wa serikali ulikuwa na walinzi, na mashamba yaliyouzwa yalibaki visiki. Alirudi jioni hana hata kijiti. Mekoni palikuwa na majivu, na mama yake alikuwa amejikunja kama mtoto. Gwakisa akachukua shoka, akaenda mlangoni.

"Baba Ipyana, unafanya nini?" akauliza Atuganile.

"Napasua mbao."

"Huo ni mlango!"

"Mlango si mbao?"

Mkewe akamshika mkono. "Haya, umeshaamua. Basi chukua ubao mmoja, uwe ndilo gogo lake. Mbebe mama twende kwa Asajile sasa hivi."

"Asajile ajue kwamba nimepasua mlango wangu? Kijiji kizima kitacheka!"

"Kicheke! Kicheke mpaka kichoke, mama akiwa kwenye joto."

Gwakisa akautoa mkono wa mkewe, akainua shoka.

Mlango ule ulikuwa wa mbao nene, zilizokauka tangu enzi za baba yake. Uliwaka vizuri mno. Nyumba ikajaa joto lililokuwa halijaonekana tangu baridi ianze. Bibi Sekela akavua shali, akanyoosha miguu, akasema, "Leo umenipeleka pwani, mwanangu." Akampa mjukuu wake kitendawili: "Hana miguu, lakini haombi njia." Ipyana akahangaika, akasema panya, akasema nyoka. "Lala," akaambiwa, "jibu utalipata asubuhi." Gwakisa akamtazama mkewe, kana kwamba anamwambia, unaona?

Mlango ukaisha, kama kuni zote zinavyoisha. Wakatundika blanketi pale ulipokuwa. Upepo wa Kitulo ukalipuliza, wakalitundika tena, ukalipuliza tena. Mwishowe Gwakisa alisimama mwenyewe pale kwenye uwazi, ameliegemea blanketi kwa mgongo, na upepo ukampita kushoto na kulia.

Asubuhi Ipyana alimtikisa bibi yake ampe jibu. Bibi hakumpa.

Huko, mtu akifariki, kila nyumba huleta kuni za msiba. Hakuna anayeombwa, wala anayeulizwa. Kabla ya adhuhuri kuni zilikuwa zimerundikwa uani kwa Gwakisa mpaka zikagusa bati. Asajile alileta gogo lililobebwa na wanaume wanne. Ukawashwa moto ambao watu waliukimbia kwa ukali wake. Gwakisa alikaa karibu nao kuliko wote, huku akitetemeka.

Wakaja ndugu wa Bibi Sekela kutoka bondeni, ambako hakuna baridi. Mdogo wa marehemu, mama mtu mzima, akafika kizingitini, akapapasa bawaba tupu.

"Jamani, mlango wa nyumba hii uko wapi?"

Wanaume wakatazama chini. Mzee Asajile, ambaye angeweza kusema mengi, akatazama moto. Ikabidi Atuganile ajibu, pale alipokaa na wafiwa.

"Tuliuota, mama."

"Mliuota? Na mkalalaje?"

"Tulilala na upepo."

Waombolezaji waliporudi makwao waliyabeba maneno yale, na hakuna aliyeyasema kwa kicheko. Tangu hapo, mtu akishika shoka ili aharibu kinachomkinga kesho, apate nafuu ya leo, wa kwao humshika mkono na kumwambia:

Aotaye mlango hulala na upepo.