Kocha Kifaru Apelekwa Mafunzoni

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakisonga ugali na kugombania kamba za kuanikia nguo, alikuwepo Kifaru, kocha wa mbio za watoto. Fimbo mkononi, filimbi shingoni. Prrrii!

"Tena! Tena! Hakuna maji! Maji yanamtia mkimbiaji uzito!"

Jioni moja Mwatime, mtoto wa swala aliyelelewa na Bi Nguchiro, akarudi nyumbani akichechemea. Kifundo cha mguu kimevimba kama kitunguu.

"Shangazi, kesho kocha ananikimbiza tena. Nimemwambia naumwa, akasema eti maumivu ni uvivu unaotoka mwilini."

Bi Nguchiro akamkanda, huku akiwaza. Mguu huu ukikimbizwa tena, mtoto atakuwa kiwete. Lakini agombane na Kifaru? Yule angemkanyaga wala asijue amekanyaga nini!

Asubuhi akajifunga kanga kiunoni, huyoo, uwanjani.

"Kocha, shikamoo! Mbona hadi leo hujawa Mkuu wa Makocha?"

Kifaru akavimba kichwa. "Marahaba. Hata mimi nashangaa, Bi Nguchiro!"

"Yamekupungukia mafunzo tu. Nami ninayo yote hapa kichwani. Ila ni magumu, baba, huenda yakakushinda…"

"Yanishinde mimi? Yalete!"

"Haya, nipe filimbi. Lakini ukikataa amri, cheo hupati."

Prrrii! Kifaru akatimka, tifu! tifu! tifu! Watoto wakaketi kivulini wakitazama. Jua likapanda, likawaka.

"Mwalimu… maji kidogo…"

"Maji yanamtia mkimbiaji uzito! Tena!"

Tifu… tifu…

"Mwalimu, goti! Goti langu jamani!"

"Maumivu ni uvivu unaotoka mwilini! Tena!"

Puu! Kifaru chini, ulimi nje, anahema heh-heh-heh.

"Mpumbavu gani katunga mafunzo haya?" akafoka. "Mtu anaumwa, anakimbizwa! Ana kiu, ananyimwa maji! Huyo hafai kuachiwa hata kuku, sembuse watoto!"

Watoto wakaangua kicheko. "Ni wewe, kocha! Maneno yako hayo!"

Lo! Kifaru akageuza shingo polepole. "Bi Nguchiro, eti kweli?"

"Neno kwa neno, baba. Wewe ulikuwa unayasema tu, hukuwahi kuyasikia. Sasa niambie, Mwatime akimbie leo?"

Kifaru akalitazama goti lake. Akaitazama ile fimbo, kisha akaivunja, kwacha!

"Apumzike mpaka kifundo kipone. Na watoto wote wanywe maji. Lakini, mwalimu… mimi nimefaulu?"

"Ufaulu wapi! Hilo lilikuwa somo la kwanza. Kunywa maji, upumzike, kesho uje mapema."

Na kweli, kesho yake akaja kabla ya watoto wote.

Basi wajukuu zangu, lishikeni hili: anayetaka kufundisha watoto, na akubali kwanza kufundishwa yeye.