Siku Chui Alipokula Paa na Kaa

Nifungue kinywa?

Fungua!

Kikisema uongo?

Tutacheka!

Kikisema kweli?

Tutacheka zaidi!

Haya, tegeni masikio.

Walikuwepo marafiki wawili, Paa na Kaa. Paa ni yule mnyama wa miguu myembamba, ukikohoa tu ameshatoweka. Kaa ni yule wa magando mawili, anayekwenda upande upande kama anayemkwepa mtu njiani. Waliishi pamoja katika kibanda cha nyasi kando ya mto.

Mwaka huo jua lilikuwa kali. Visima vikakauka, vijito vikakauka, ukabaki mto ule mmoja. Mwenye mto alikuwa Bi Kiboko, naye aliweka sheria ili wanyama wasimalizane majini. Anayetaka kula pale mtoni ataje kwanza chakula chake mbele yake. Akishataja, ale alichotaja, na asiguse kingine. Akishindwa kukila, asiusogelee mto tena. Wanyama wote walitii, maana kinywa cha Bi Kiboko kilikuwa kipana kama mlango wa ghala.

Basi siku moja Paa akateguka mguu. Akalala mkekani, hawezi kukimbia, hawezi hata kusimama. Kaa akamkanda kwa maji ya moto, akawasha mkaa jikoni, akakaa mlangoni na samaki wake, akaanza kumtoa magamba. Kwaru, kwaru, kwaru.

Mara kivuli kikamfunika. Kutazama juu, ni Chui.

Chui huyu alikuwa na nguvu za kuvunja shingo ya nyati na tumbo lisilojua kushiba. Habari za mguu wa Paa alikuwa amezipata, ndiyo maana hakuharakisha. Akamuuliza Kaa anafanya nini pale.

“Napaa,” akasema Kaa.

Chui akamwangalia miguuni, akaangalia angani, akamwangalia tena miguuni. Akasema mbona haoni mtu akipaa, anaona mtu yuko chini tu.

Kaa akamwonyesha samaki na magamba aliyokwisha kumpaa. Chui akanuna, akamuuliza yeye ni nani hata amchezee.

“Kaa.”

Chui akakaa. Akakaa kitako kabisa, mkia ameukunja, akangoja. Alipoona kimya kinazidi, akasema, “Nimeshakaa. Sasa niambie, wewe ni nani?”

Moyo wa Kaa ulikuwa unakwenda mbio, du, du, du. Alijua rafiki yake yuko mkekani nyuma yake, na baina yao na meno yale hakuna kitu. Lakini alipomwona bwana mkubwa yule ameketi vumbini kwa neno moja, hofu ikampungua kidogo, akapata wazo.

Akamwambia kwa adabu kwamba yeye na Paa wako tayari, hawana la kufanya. Ila sheria ni sheria, lazima Bi Kiboko aitwe. Akamnong’oneza pia kwamba bibi yule siku hizi hapendi maneno mengi. Anayeeleza sana anarudishwa kesho. Ataje majina tu, atakula mara moja.

Chui akameza mate, glu. Akakubali.

Bi Kiboko akatoka majini, chubwi, chubwi, chubwi, akaingiza kichwa mlangoni mpaka kibanda kikawa giza. Akamuuliza Chui atakula nini.

“Paa,” akasema Chui.

“Na cha kumalizia?”

“Kaa.”

“Nimesikia,” akasema Bi Kiboko. “Kula.”

Chui akajikunja kuruka mkekani. Paa akafumba macho. Kaa akasogea upande upande, akasimama katikati, ingawa alimfikia Chui kwenye kucha tu.

“Bwana Chui, unakwenda wapi? Paa liko juu.”

Chui akatazama juu. Akaona nyasi, akaona boriti, akaona utando wa buibui. Akamgeukia Bi Kiboko, akalalamika kwamba yeye alimtaka yule aliyelala mkekani.

“Hicho kilicho juu ya kichwa chako kinaitwaje?” akauliza Bi Kiboko.

“Paa,” akasema Chui kwa sauti ndogo.

“Ungesema paa huyu, ningejua. Ungesema utamla, ningejua. Umesema paa. Kula.”

Chui akapanda. Akatafuna nyasi, kwacha, kwacha, kwacha. Akatafuna vumbi la miaka mitatu na kinyesi cha mijusi. Akatafuna mpaka pakatokea tundu la kupita mbuzi, na jua likaingia ndani. Kila akitaka kutema, Bi Kiboko anapanua kinywa kidogo, na Chui anameza.

Aliposhuka, macho yamemtoka, akamtafuta Kaa ili angalau yeye amle. Kaa alikuwa kando ya jiko, ameliinua kwa magando kaa moja jekundu lililoiva vizuri.

“Hili hapa, bwana. Lingali la moto.”

Chui akamtazama Bi Kiboko. Bi Kiboko akapanua kinywa tena. Chui akafumba macho, akauma.

Chwaaa!

Hapo ndipo Chui alipopaa. Alipita kwenye tundu lile juu, akavuka miti, akavuka kilima, na moshi ukimfuata. Kaa lile lilimdondoka mdomoni bado halijamezwa, na kwa sababu hiyo mto ule hakuusogelea tena. Paa alicheka mpaka akasahau mguu, akasimama, akakumbuka, akakaa. Baada ya siku saba alikuwa anakimbia, na wa kwanza kukata nyasi za kuziba tundu alikuwa yeye.

Fundisho la ngano hii, watoto wangu, ni kwamba maneno hayana faida. Msipoteze muda kuyachunguza. Fugeni kucha, neneni kifupi, mtashiba kama Chui.

Yangu yamekwisha. Aliyesinzia amuulize jirani yake, na kama jirani naye alisinzia, basi wote wawili walale salama.