Zeze la Mbuke na Sauti Mlangoni

Paukwa! ... Mbona mnaitikia kama mliofiwa? Paukwa tena! Pakawa! Haya, sasa nimewasikia. Aliye karibu na mlango asogee ndani.

Hapo kale palikuwa na msichana jina lake Mbuke. Kila siku mama yake alikwenda kisimani, mwendo wa nusu siku, akimwachia Mbuke mdogo wake, Kabula, na agizo moja: atie komeo, asimfungulie mtu ila yeye. Kiangazi kile palikuwa na zimwi. Lilikwisha kula watoto wa nyumba mbili, na kote mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Mbuke alikuwa akijifunza zeze kwa shangazi yake, Nshoma, mwanamke mkali huyo, msiombe. Miezi mitatu hakumruhusu kupiga wimbo. Alimkalisha akaze uzi, alegeze, akaze tena, na asikilize. Wenzake walimcheka. Mama naye alinung'unika kwamba kelele zile zinamtoboa masikio.

Siku ya kwanza, jua la utosi, hodi. "Mbuke mwanangu, Mbuke wangu, nifungulie, mtungi unanielemea." Sauti nzito, hata Kabula alijua si mama. Wakanyamaza, zimwi likaenda zake.

Siku ya pili likarudi na maneno yale yale, sauti imelainika. Kabula akainuka. Mbuke akamshika nguo, maana sauti ile ilikuwa juu kidogo kuliko ya mama, kama uzi uliokazwa mno. Wakanyamaza, zimwi likaenda zake.

Likajificha kwenye matete ya kisimani, likawasikiliza wanawake wakiongea, mama yake Mbuke akiwamo. Siku ya tatu likaja.

"Mbuke mwanangu, Mbuke wangu, nifungulie, mtungi unanielemea."

Jamani, ilikuwa sauti ya mama hasa! Kabula akalia mama afunguliwe. Mkono wa Mbuke ukafika kwenye komeo, ukasita. Maneno yalifuatana bila kituo, wala pumzi haikuvutwa popote. Mtu abebe maji mwendo wote ule, asiheme? Akaondoa mkono. Mlango ukasukumwa, ukasukumwa, ukasukumwa. Sauti ya mama ikambembeleza, ikalia, ikamlaani. Mbuke mkojo ukamtoka. Msicheke, nanyi ungewatoka.

Mara nyayo zikaondoka mlangoni mbio. Kisha ikaja sauti nyingine, mbovu, inayokwaruza.

"Mbuke, fungua! Liko nyuma yangu!"

Kabula akamng'ang'ania dada yake miguuni, akasema hilo sasa ndilo zimwi lenyewe. Mbuke akaweka sikio kwenye ubao. Kati ya neno na neno, mtu alikuwa akihema. Akavuta komeo.

Mama akaangukia ndani, komeo likarudi, na kucha zikaparura mlango kwa nje. Alikuwa ameona nyayo za zimwi njiani, akatupa mtungi, akakimbia akipiga mayowe hadi sauti ikamkauka. Zimwi lilipoyasikia likamwendea, akalikwepa vichakani, likageuka kumfukuza. Zimwi lilizunguka nyumba mpaka njaa ikalishinda, likahama nchi ile.

Mama akamuuliza Mbuke amemjuaje, na sauti imempotea.

"Nilikusikia unahema, mama."

Mama akalia sana. Kesho yake alimpeleka Kabula kwa shangazi Nshoma, akamwambia, "Mfundishe na huyu, hata akinitoboa masikio."

Basi ninyi wazazi, mtoto akishika zeze mwacheni alikwaruze. Hajifunzi kupiga tu, anajifunza kusikia. Hadithi yangu inakomea hapa: ikiwa tamu ni yenu, ikiwa chungu nirudishieni. Na anayetoka nje sasa hivi, akirudi abishe hodi huku anahema.