Damu Tamu ya Zafarani

Hapo zamani za kale viroboto nao walikuwa na miji na mila zao, na mji mmoja ulikuwa mgongoni mwa Majivu, paka mzee asiyejali kuumwa. Mila yao kubwa ilikuwa hii: wakubwa hula kwanza, wadogo husubiri. Na wakubwa wale, lo, hawakujua kushiba!

Sikitu, kiroboto mjane, alimwona mwanawe Kombo akikonda siku hadi siku.

"Mama, zamu yetu lini?"

"Karibu, baba. Vumilia."

Sikitu peke yake ndiye aliyejua siri ya Zafarani, paka mwekundu aliyelala gunia moja na Majivu. Mumewe alifia huko. Mate ya kiroboto yalimwasha Zafarani kama pilipili. Akiumwa mara moja tu, hujilamba mwili mzima, na kila kiroboto anayekutwa humezwa.

Mchana mmoja akamwambia Kombo, "Leo usiondoke hapa." Hakumweleza kwa nini, aliogopa mtoto angeropoka. Kisha akaenda kwa Bwana Mafutu, mkubwa wa wakubwa, akapiga magoti.

"Shikamoo, bwana. Nimeonja damu ya Zafarani. Tamu, we! Asali!"

"Mbona huli huko mwenyewe?"

"Mimi? Nimtangulie mkubwa wangu? Sithubutu!"

Mafutu akacheka, tumbo likatikisika. "Una adabu, mama. Wakubwa, twendeni!"

Pwi! Pwi! Pwi! Wakaruka wote, wakazamisha midomo.

Zafarani akashtuka. Kwaru! Kwaru! Akajikuna, kisha akautoa ulimi wake wa miiba. Akalamba, akalamba, akalamba.

"Tumekwisha!" Mafutu akapiga yowe, akaenda na ulimi. Hakubaki hata mmoja.

"Kombo!" Sikitu akaita kwa furaha. "Njoo, mwanangu! Zamu yetu!"

Kombo hakuja. Akatafuta shingoni mwa Majivu, akatafuta nyuma ya masikio.

Kiroboto kikongwe mmoja, mnyonge kama wao, akamwambia taratibu, "Si ulisema ni asali? Mtoto alikusikia. Aliwafuata nyuma kabisa, kwa adabu, akasubiri zamu yake."

Sikitu akageuka. Zafarani alikuwa akimalizia kujilamba mkia.

Basi, wanangu, hadithi imekomea hapo mkiani, nanyi shikeni hili: anayetega kwa maneno matamu asisahau kwamba mwanawe naye ana masikio.