Kibao cha Njia ya Tisa

Sogeeni. Wa nyuma waje mbele, na yule anayependa kukatiza hadithi za watu akae hapa karibu nami nimwone. Leo sina hadithi ya kuwabembeleza mlale. Nina kesi. Nikimaliza kuieleza nitanyamaza, na ninyi ndio mtakaohukumu.

Huko milimani, katika kijiji cha Kwemkulo, walikuwapo watu watatu waliojaliwa, kila mmoja kitu chake.

Nakijwa alijaliwa macho. Mpe ungo wa maharage, ataliona jiwe kabla hujautua chini. Msituni ndiyo usiseme: pale ambapo wewe unaona ukuta wa miti, yeye anaona mlango.

Mbelwa, shemeji yake, alijaliwa mkono. Alikua akiwafukuza nyani mashambani kwa mawe, na sidhani kama yuko nyani wa upande ule ambaye hakuwahi kumkimbia. Alichokirusha kilikwenda alikokituma.

Mzee Kaniki, mjomba wake Mbelwa, alijaliwa masikio. Alikuwa mfuga nyuki. Aliweka sikio kwenye mzinga akakwambia kama malkia yumo au ameshahama. Tunda likidondoka kichakani alijua kama limeangukia majani makavu au mabichi, na hakuwa na haja ya kugeuka.

Macho, mkono na masikio. Vishikeni hivyo, maana vilivyowapa sifa ndivyo vilivyowatia aibu.

Kijiji kilikuwa kimeanzisha mchezo mgeni, gofu ya visahani. Unasimama mwanzo wa njia na kisahani cha plastiki mkononi, unakirusha, unakifuata kilipotua, unakirusha tena kutoka hapo hapo, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Mwenye mitupo michache ndiye bingwa. Watu wa Kwemkulo walichonga njia tisa ndani ya msitu wao, na vikapu vikachomelewa na fundi baiskeli. Jambo moja tu mlijue: mchezo huu hauna refa. Msituni kila mtu yuko nyuma ya mti wake, kwa hiyo ukikosea unajitaja mwenyewe.

Basi akaja mkaguzi kutoka mjini, Bi Asteria, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mvua na maneno machache. Akiridhika, mashindano ya mkoa yatachezwa Kwemkulo. Serikali ya kijiji iliyataka mashindano hayo hadi ikatoa ahadi mbele ya watu kwamba lolote atakalosema litafanywa. Mnaona wenyewe hatari ya ahadi ya namna hiyo, lakini wao hawakuiona.

Bi Asteria alicheza kila njia mwenyewe. "Hii inachezeka," alisema. Kwingine, "Hapa wekeni ngazi, mtu atavunjika mguu." Mambo yakaenda vizuri mpaka njia ya tisa. Hiyo ilipita katikati ya mikulo, ile miti mikubwa inayoifunika chemchemi ambayo kijiji kizima kinachota maji. Miti imesongamana pale, huwezi kuamini. Bi Asteria akarusha, kisahani kikagonga shina. Akarusha tena, kikagonga shina jingine.

"Hii si njia, ni bahati nasibu," akasema. "Mchezaji lazima apewe upenyo. Kateni hii miti ya katikati."

Mwenyekiti wa kijiji aliitikia kwa kichwa. Mikulo ile ikikatwa, chemchemi itakauka, na hapakuwa na mtu mzima pale asiyelijua hilo. Hata hivyo watu walitazama chini, na Mbelwa akatazama chini pamoja nao.

"Upenyo upo," akasema Nakijwa.

Bi Asteria alimgeukia. "Basi nionyesheni. Mitupo mitatu kutoka hapa hadi kwenye kikapu. Mkiweza, miti inabaki. Na desturi yetu njia ngumu hupewa jina la aliyeifungua. Tutapigilia kibao hapa."

"Jina moja?" akauliza mwenyekiti.

"Moja. Kibao chenyewe kidogo."

Nakijwa akachuchumaa, akasogea kushoto, akarudi kulia, akafumba jicho moja. "Shemeji, unauona ule mkulo wenye kovu? Pita kushoto kwake, kimo cha bega, halafu kiache kipinde chenyewe." Bila macho yake, Mbelwa angekuwa anarushia ukuta.

Mbelwa akarusha. Kisahani kikapita kimo cha bega, kikalisalimia lile kovu, kikapinda, kikatua mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika kwa mtupo mmoja. Bila mkono wake, upenyo ule ungebaki kitu cha kutazama tu.

Mtupo wa pili uligusa tawi. Kisahani kikaruka bondeni, kikamezwa na vichaka, na kisahani kisichopatikana ni mtupo uliopotea. Mzee Kaniki akafumba macho. "Kimegonga gome mara mbili, kikalalia majani mabichi. Kitafuteni pale maji yanapoanza." Bila masikio yake, mchezo ungeishia hapo.

Mbelwa alishuka peke yake. Kisahani kilikuwapo, vile vile alivyoambiwa, ila kilikuwa kimelala chini ya mkulo, nyuma kabisa. Shina zima lilisimama kati yake na kikapu. Juu alimsikia mwenyekiti ameshaanza kuuliza nani ana msumeno. Mbelwa akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akakisukuma kisahani kwa kidole cha mguu. Hakukipeleka mbali. Alikisogeza hadi kikapu kikaonekana.

"Nimekipata," akaita.

Akarusha mtupo wa tatu, na minyororo ikalia.

Kule juu ikawa vigelegele. Walimbeba begani, mwenyekiti mwenyewe akishika mguu mmoja, na ulikuwa mguu ule ule. Bi Asteria akampa mkono. "Njia inachezeka. Miti ibaki." Fundi seremala akatumwa akarande kibao.

Jioni shuleni palipikwa makande, na jina lililokuwa midomoni mwa watu ni Mbelwa tu. Yeye makande yake aliyaacha yapoe sahanini. Bibi mmoja alikuja kumshukuru kwa ajili ya maji, akamshika mikono yote miwili, na Mbelwa akatamani ardhi ipasuke. Alijiambia kwamba alifanya vile kwa ajili ya chemchemi. Alijiambia tena na tena, na kila mara alikumbuka kwamba mguu ulisogea kabla hajaifikiria chemchemi. Ulisogea kwa sababu watu walikuwa wanamngoja yeye, Mbelwa asiyekosa. Hilo ndilo lililomuumiza. Akaona pia kwamba Nakijwa, ambaye hawezi kumaliza siku bila kumtania, hakumtania, na mjomba wake alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kama mtu aliyedondosha kitu humo. Mbelwa alidhani wamechoka.

Asubuhi Bi Asteria alikuwa anafunga mzigo wake kwenye pikipiki. Fundi alikuja na kibao na brashi, akauliza aandike Mbelwa peke yake au aongeze na la baba.

"Usiandike," akasema Mbelwa. "Nilikisogeza kisahani. Kilikuwa nyuma ya mti, nikakisogeza kwa mguu."

Mwenyekiti akatafuta pa kukaa.

"Nilijua, shemeji," akasema Nakijwa, na hakuinua uso. "Kisahani kile kilishuka kikipinda kulia. Kisingeweza kulala pale uliporushia. Niliona, nikanyamaza. Nachota maji pale kila siku, na wanangu ndiyo wanayokunywa. Nikapiga vigelegele na wenzangu."

Mzee Kaniki akakohoa. "Na mimi nilikisikia kikikwaruza majani. Kisahani kilichokwisha kutua hakikwaruzi. Nikasema moyoni, mizinga yangu yote iko juu ya mikulo ile, ngoja nifunge mdomo. Nikakuacha ukae na jambo hilo peke yako, mtoto wa dada yangu, nami nipo meza moja na wewe. Naona haya hata kukuita mwanangu."

Mngedhani Mbelwa alipata nafuu. Wala. Aibu ilizidi, kwa sababu sasa alijua kwamba walipombeba begani, wawili anaowapenda walikuwa wanamwangalia na wanajua.

Bi Asteria alifungua tena mzigo wake, akatoa kisahani. "Mimi nilikuja kukagua njia, sikuja kukagua mtu," akasema. "Kwa hesabu yangu mtupo wa tatu bado haujatupwa. Twendeni."

Wakarudi msituni, na safari hii hakuna aliyeimba. Nakijwa aliinama chini ya mkulo mpaka akaona majani yaliyolazwa na kisahani, akasema, "Ni hapa, si pengine." Mzee Kaniki akasimama kando ya kikapu, akasikiliza, akagonga mnyororo kwa ukucha kisha akasogea pembeni, ili Mbelwa, ambaye mbele yake palikuwa na shina tupu, ajue kikapu kiko upande gani. Bi Asteria akamsimamia Mbelwa ubavuni. Mbelwa akakirusha kisahani juu, kikapita mashina, kikapotea machoni pake, na hakukiona kikishuka. Alisikia minyororo tu.

"Kimeingia," akasema Bi Asteria baada ya kwenda kukitazama. "Njia inachezeka, na miti inabaki."

Fundi akachovya brashi. "Haya, jina."

"Andika la shemeji," akasema Mbelwa. "Yeye ndiye aliyeuona upenyo. Mimi ni mwongo."

"La Mzee Kaniki," akasema Nakijwa. "Bila yeye kisahani kingepotea. Mimi niliuona uongo nikaupigia vigelegele."

"La Mbelwa," akasema Mzee Kaniki. "Mkono ni wake, na ndiye aliyesema. Sisi tulikaa tukingoja aseme."

Jina likazunguka hivyo tena na tena, kila mmoja akilisukumia kwa mwenzake, hadi rangi ikaanza kukauka kwenye brashi. Bi Asteria alipanda pikipiki yake. "Nikirudi na mashindano nikute jina," akasema, akaondoka.

Alirudi, na hakulikuta. Fundi alikuwa amechoka kukishika kibao, akakipigilia hivyo hivyo kitupu. Kipo hadi leo. Wageni wakiuliza mbona hakina kitu, yeyote kati ya wale watatu aliye karibu huanza kuzungumzia mvua. Na Mbelwa, akiwa na safari ya chemchemini, huzunguka njia ya mbali asikipite.

Sasa ni zamu yenu. Mbelwa alikuwa wa kwanza kudanganya, na akawa wa kwanza kusema kweli. Nakijwa aliona upenyo ambao hakuna mwingine aliyeuona, na akajifanya hakuona lile aliloliona. Mzee Kaniki alikipata kisahani kilichopotea, halafu ulimi wake ukapotea. Mwondoe mmoja wao, siku ya kwanza au ya pili, na mikulo ile ingekuwa kuni, na Kwemkulo wangekuwa wanafuata maji bonde la pili. Jina ni moja, kibao ni kidogo.

Je, wewe ungeandika la nani? Na usinijibu haraka. Niambie kwanza: ungekuwa umesimama pale juu siku ile, umeona au umesikia, na ndoo yako ya maji unayo mkononi, ungesema?